Kamera na Pumzi Yake

Kamera ya kwanza kabisa ya picha za papo hapo ndiyo iliyopaswa kuwa ghali kuliko zote zilizoifuata. Ndivyo ilivyo kwa sarafu, kwa stempu, na kwa milango ya kuchonga ya pwani yetu: kitu kikizeeka na kuadimika, mnunuzi hufungua mkoba bila kuombwa. Lakini Polaroid Model 95, mama wa ukoo huu wote, hupatikana leo kwenye masoko ya vitu vikuukuu ya Marekani kwa bei ya chini sana, mara nyingi ikiwa bado ndani ya mkoba wake wa ngozi. Pembeni yake, juu ya meza hiyohiyo, unaweza kuikuta SX-70, iliyozaliwa zaidi ya miaka ishirini baadaye na kutengenezwa kwa wingi mkubwa. Hiyo, kama inafanya kazi vizuri, muuzaji haiachii mpaka aone mamia ya dola. Nimezifuata bei hizi kwa miaka kadhaa sasa, na kadiri ninavyozifuata ndivyo ninavyoona kwamba ukiikodolea macho kamera peke yake hutaambulia kitu. Inabidi uulize filamu yake iko wapi.

Model 95 ilianza kuuzwa tarehe 26 Novemba 1948, siku moja baada ya sikukuu ya Shukrani, katika duka kubwa la Jordan Marsh mjini Boston. Kampuni ilikuwa imetengeneza kamera 60 tu. Ikapeleka 57 dukani, ikiamini kwamba zitatosha mpaka kiwanda kitakapotoa nyingine. Zikaisha siku hiyohiyo, na filamu zote zikaondoka nazo. Bei ilikuwa karibu dola 90, pesa nyingi kwa wakati ule, na mzigo wenyewe ulikaribia kilo mbili. Mnunuzi alipiga picha, akavuta karatasi kwa nguvu, akahesabu dakika moja, akafungua kijilango cha nyuma na kubandua picha ya rangi ya kahawia, ikiwa bado na unyevunyevu wa dawa.

Aliyeibuni, Edwin Land, alizaliwa Bridgeport, Connecticut, mwaka 1909. Aliacha masomo yake Harvard kabla ya kupata shahada ili afanye kazi ya vichujio vya mwanga, na kampuni yake, iliyopewa jina la Polaroid mwaka 1937, iliishi kwa miwani ya jua na baadaye kwa kazi za jeshi wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Mwaka 1943 alikuwa likizoni Santa Fe, New Mexico, na familia yake. Binti yake Jennifer, mwenye umri wa miaka mitatu, alimuuliza kwa nini hawezi kuiona sasa hivi picha ambayo baba yake amempiga. Land alisimulia baadaye kwamba alitoka kutembea mjini huku akilifikiria swali lile, na kabla ya saa moja kupita tayari alikuwa anaiona akilini kamera, filamu na kemia ya kuviunganisha.

Sisi kwa Kiswahili tunasema picha "husafishwa", na neno hilo linaeleza kazi yenyewe vizuri. Filamu iliyopigwa ilipelekwa chumba cha giza, ikazamishwa kwenye dawa, ikasuuzwa kwa maji, ikaanikwa, kisha ikarushwa juu ya karatasi ambayo nayo ilipaswa kupitishwa kwenye dawa. Mteja aliambiwa arudi kesho, au wiki ijayo. Land alikitia chumba cha giza kizima ndani ya kifuko kidogo cha dawa nzito kilichobanwa kati ya negativu na karatasi. Karatasi ilipovutwa ilipita kati ya rola mbili za chuma. Kifuko kikapasuka, dawa ikatandazwa sawasawa, na chumvi za fedha ambazo hazikupigwa na mwanga zikahama kutoka kwenye negativu na kujenga picha upande wa pili. Alilionyesha jambo hili mbele ya wataalamu wa mwanga mjini New York tarehe 21 Februari 1947, na magazeti yakaichapisha picha yake akiwa ameshika uso wake mwenyewe uliotoka kubanduliwa punde.

Ukifikiri vizuri utaona kwamba kuanzia siku hiyo kamera ilikuwa imefungwa kwenye kitu kinachotoka katika kiwanda kimoja tu. Mwenye Leica ya mwaka 1950 anaweza hata leo kununua filamu ya kampuni yoyote na kuisafishia jikoni kwake. Mwenye Polaroid hana njia hiyo. Dawa, karatasi, kipimo, umbo la kasha, vyote vimo katika bidhaa moja, na anayeitengeneza akifunga mlango, kamera inabaki kuwa boksi lenye lenzi. Mwaka 1956 kampuni ilifikisha kamera yake ya milioni moja. Zote hizo zilitumia filamu ya rola. Utengenezaji wa filamu hiyo ulikoma mwaka 1992, na pumzi ya Model 95 ikakata hapo.

Zipo chache katika kizazi hicho zilizookoka, na kuokoka kwao kunafundisha. Model 110A na 110B zilipewa lenzi ya Rodenstock ya Ujerumani, kali kweli, pamoja na shata inayopangwa kwa mkono. Mafundi waliona kwamba lenzi ile haina kosa, kosa ni filamu kutoweka. Wakaukata mgongo wa kamera, wakaunganisha kishikio cha filamu za aina nyingine, na mashine zilizokuwa zinangoja jalala zikapanda bei. Mkusanyaji mwenye kupenda vitu vibaki vilivyotoka kiwandani huumia moyo kuona msumeno ukipita pale. Mimi nasimama upande wa mafundi, kwa sababu kamera waliyoikata inapiga picha.

Jambo lingine la miaka hiyo linawahusu wanaokusanya picha zenyewe. Filamu ya rangi nyeusi na nyeupe ilipotoka mwaka 1950, haukupita muda picha zikaanza kufifia mikononi mwa wenyewe. Ikabidi kila pakiti iwe na kijiti chenye sifongo kilicholowa dawa ya kuhifadhi, na mteja apake uso wa picha yake mara tu baada ya kuibandua. Kazi ya kuboresha filamu hizi iliongozwa na Meroë Morse, mwanamke aliyesomea historia ya sanaa, akajifunza kemia ndani ya maabara na kuwa miongoni mwa watu ambao Land aliwategemea zaidi. Ukizishika leo albamu za zama zile unaijua tabia ya mwenye nyumba. Aliyepaka kwa utulivu ameacha nyuso zilizo wazi kabisa. Aliyepaka kwa haraka ameacha michirizi ambamo bibi harusi amebaki nusu, nusu nyingine imegeuka ukungu.

Mwaka 1963 kampuni ilileta mambo mawili kwa pamoja: picha ya rangi na filamu ya pakiti, isiyohitaji kuzungushwa kama rola. Kamera ya kwanza ya pakiti, Model 100, ilijipimia mwanga yenyewe kwa umeme. Kutoka kwake ulizaliwa mlolongo mrefu wa kamera za kukunja. Wakusanyaji wanazitafuta zaidi zile zisizojipimia chochote, yaani Model 180 na Model 195, zenye lenzi za Tominon kutoka Japani na mipangilio yote mikononi mwa mpiga picha. Ziliuzwa kwa wachache, na uchache huo ukaja kuwa na thamani miaka mingi baadaye. Kinyume cha kamera hizo ilikuwapo Big Shot ya mwaka 1971, plastiki tupu, yenye umbali mmoja tu wa kupigia. Mpigaji alilazimika kusogea mbele na nyuma kwa miguu mpaka uso wa mtu utulie kwenye kioo. Andy Warhol aliipenda mno na kuipigia nyuso nyingi alizozigeuza kuwa michoro mikubwa, na kwa sababu yake kamera iliyouzwa dola 19.95 ilianza kutafutwa na watu ambao kwa kawaida wasingeigusa.

Afrika Mashariki tuliijua filamu ya pakiti bila kulijua jina lake. Aliyewahi kupiga picha ya paspoti ya haraka katika studio za Dar es Salaam, Nairobi au Mombasa kabla ya kamera za dijitali huenda anaikumbuka kamera yenye lenzi nne, sura zako nne zikitokea kwa pamoja, mpiga picha akitazama saa, akibandua, akizikata kwa mkasi na kukuonya usizishike kwa vidole kwanza. Kamera hizo zilipoachwa hazikuingia kwenye minada yoyote. Ziliwekwa juu ya kabati, na nyingi zimetupwa. Nasikitika kwa hilo kila ninapopita mbele ya studio ya zamani iliyogeuzwa duka la simu.

Picha ya kitambulisho ndiyo inayotupeleka kwenye kamera nzito kuliko zote katika historia hii, na uzito wake hausomeki kwenye mizani. Mwaka 1966 Polaroid ilitoa mtambo ulioitwa ID-2, wa kutengeneza vitambulisho vyenye picha ya rangi katika dakika chache, mahali palepale mtu aliposimama. Ulikuwa na kitufe cha kuongeza nguvu ya flashi. Mitambo na filamu vilifika Afrika Kusini, ambako kila Mwafrika mtu mzima alitakiwa kutembea na kitabu cha pasi, na asiyekuwa nacho alikamatwa. Msomaji wa Kenya hahitaji kuelezwa kitabu hicho kilikuwa nini. Babu zake walivaa kipande shingoni ndani ya kijikopo cha chuma, na Harry Thuku alikamatwa mwaka 1922 kwa kuwahamasisha watu dhidi ya kipande na kodi.

Mwaka 1970, ndani ya ofisi za Polaroid huko Cambridge, Massachusetts, wafanyakazi wawili weusi waliona kwa bahati sampuli ya kitambulisho cha idara ya migodi ya Afrika Kusini. Mmoja alikuwa Caroline Hunter, mkemia kijana. Mwingine alikuwa Ken Williams, mpiga picha. Hawakujua kabla ya siku hiyo kwamba kazi ya mikono yao inafika kule. Mwezi Oktoba walibandika karatasi ofisini wakisema kwamba Polaroid inawafunga watu weusi kwa sekunde 60, wakaanzisha vuguvugu la wafanyakazi na kudai kampuni iondoke Afrika Kusini. Mwaka uliofuata walitoa ushahidi mbele ya Umoja wa Mataifa, na Hunter akafukuzwa kazi. Kampuni ilitangaza kwamba haitaiuzia tena serikali ya kibaguzi, ikaahidi kupandisha mishahara ya wafanyakazi wa wakala wake kule. Mwezi Novemba 1977 gazeti la Boston Globe lilifichua kwamba wakala huyo alikuwa akiendelea kuiuzia serikali filamu kwa siri, na ndipo Polaroid ilipokata uhusiano. Ilikuwa miongoni mwa kampuni za kwanza za Marekani kuondoka Afrika Kusini kwa sababu ya ubaguzi wa rangi.

ID-2 ikitokea sokoni leo, anayeinunua ananunua kitu gani? Haina uzuri wa ngozi wala wa lenzi. Wasanii Adam Broomberg na Oliver Chanarin waliitafuta kwa makusudi, wakaipeleka Afrika Kusini na kuipigia picha za mimea na mandhari, na kazi hiyo ikaonyeshwa Johannesburg. Kwa maoni yangu mashine hii ingekaa vizuri zaidi makumbusho kuliko kwenye rafu ya mtu binafsi, na pembeni yake ziwekwe zile karatasi za Hunter na Williams.

Nirudi kwa ile yenye bei kubwa. Mwezi Aprili 1972, kwenye mkutano wa mwaka wa wanahisa, Land alipanda jukwaani, akatoa mfukoni mwa koti kitu bapa kama kasha la sigara kubwa, akakifungua na kupiga picha tano kwa sekunde kumi. Hiyo ndiyo SX-70. Ilianza kuuzwa Miami mwishoni mwa mwaka huo kwa dola 180, na mwaka uliofuata ikaenea Marekani nzima. Hakuna cha kuvuta, cha kuhesabu, cha kubandua wala cha kutupa chini. Unabonyeza kitufe chekundu, mota inalia, picha inatoka yenyewe mbele ya kamera ikiwa bado tupu, kisha mbele ya macho yako, katikati ya jua, rangi zinaanza kupanda.

Ilikuwaje picha isiungue kwa mwanga ikiwa inasafishwa nje? Hapa ndipo ninapomheshimu Land kuliko mahali pengine popote. Ndani ya dawa aliweka rangi maalumu ambazo huwa nzito na za giza dawa inapokuwa na ukali wa alkali, kisha hupauka na kuwa kama maji ukali unapopungua. Dawa inapotandazwa, rangi hizo huitanda negativu kama pazia. Chini ya pazia kazi inaendelea. Inapokwisha, ukali umeshuka, pazia limepotea, na macho yanaiona picha ikiwa imelala juu ya tabaka jeupe la oksidi ya titani. Chumba cha giza kilichokuwa kifukoni sasa kilijijenga na kujibomoa chenyewe ndani ya karatasi.

Mwili wa kamera nao ulistahili kazi hiyo. Kinachoonekana kama chuma kilichosuguliwa ni plastiki ngumu iliyopakwa chuma, na juu yake imebandikwa ngozi halisi. Ikikunjwa ina unene wa vidole viwili. Ikifunguliwa inasimama kama hema, na mvukuto wa mpira unaficha vioo vinavyokuwezesha kutazama kupitia lenzi ileile inayopiga. Betri haikuwekwa kwenye kamera. Land aliiweka bapa chini ya kila pakiti ya filamu, picha kumi na betri yao, ili mtu asikwame kamwe kwa betri iliyokufa. Walker Evans, aliyekuwa amepiga picha maarufu za umaskini wa Marekani katika miaka ya 1930, aliipata kamera hii uzeeni na katika mwaka mmoja na kitu akapiga picha zaidi ya 2,600. Alifariki mwaka 1975.

Kodak haikuvumilia kubaki nyuma. Kwa miaka kadhaa ndiyo iliyokuwa ikitengeneza negativu za rangi kwa ajili ya Polaroid, kwa hiyo iliijua kazi hiyo kwa ndani. Mwezi Aprili 1976 ikatoa kamera zake za papo hapo, na kabla ya wiki kwisha Polaroid ilikuwa mahakamani ikidai hataza zake zimevunjwa. Kesi ikaburuzwa miaka tisa. Mwaka 1985 jaji aliamua kwamba hataza saba za Polaroid zimevunjwa, na mwezi Januari 1986 Kodak ikalazimika kuacha kutengeneza kamera na filamu pia. Mwaka 1991, miezi michache tu baada ya Land kufariki, ililipa dola milioni 925.

Kodak ilipolazimika kuacha mwaka 1986, kamera zake milioni kumi na sita na zaidi zilikuwa majumbani mwa watu. Kwa kishindo cha kesi moja zote zikawa bubu. Wenye nazo walishtaki kwa pamoja, na katika maafikiano wakaambiwa wabandue kibati chenye jina mbele ya kamera, wakitume kwa posta na kurudishiwa sehemu ya pesa zao. Ndiyo sababu mpaka leo, ukikuta kamera ya papo hapo ya Kodak sokoni, mara kwa mara utaona shimo au alama ya gundi mahali jina lilipokuwa. Anayeitaka yenye kibati ataipata bila shida kwa bei ndogo, kwa sababu hakuna aliyerudi kuitengenezea filamu. Ukubwa wa kampuni haukuisaidia kamera ile hata kidogo.

Ushindi wa Polaroid haukuleta neema ya muda mrefu. Land mwenyewe alikuwa ameshaondoka. Mradi wake wa sinema ya papo hapo, Polavision, ulianza mwaka 1977 na kula mamilioni ya dola bila kupata wanunuzi. Aliachia uongozi wa juu mwaka 1980, na miaka miwili baadaye akaiaga kampuni moja kwa moja. Kamera za plastiki za bei nafuu zilizotumia filamu ya aina ya 600, iliyotoka mwaka 1981, ziliuzwa kwa mamilioni na kuifanya SX-70 ionekane kitu cha wazee. Zilipoingia kamera za dijitali, kampuni haikuweza kujikwamua. Ilifilisika mwezi Oktoba 2001. Jina lilinunuliwa na kuuzwa tena, mpaka likaangukia mikononi mwa mfanyabiashara Tom Petters wa Minnesota. Huyo alikamatwa mwaka 2008 kwa utapeli wa mabilioni ya dola, akahukumiwa kifungo cha miaka 50, na Polaroid ikafilisika mara ya pili.

Filamu ya SX-70 ilikuwa imekoma hata kabla ya hapo, mwaka 2006. Mwezi Februari 2008 kampuni ilitangaza kwamba inaacha filamu zote. Hicho ndicho kipindi ambacho SX-70 ilikuwa rahisi kuliko wakati wowote. Watu waliokuwa wakihama nyumba waliziuza uani kwa bei ya mlo mmoja, wengine walizitia kwenye masanduku ya misaada. Wachache walizinunua bila kujua watazifanyia nini.

Mwezi Juni 2008, kiwanda cha mwisho, kilichokuwa Enschede, Uholanzi, kilifanya sherehe ya kufunga. Miongoni mwa waliofika alikuwa Florian Kaps wa Vienna, mtu aliyezipenda picha hizi mno, na hapo akakutana na André Bosman, mhandisi aliyefanya kazi kiwandani humo kwa miaka mingi. Mashine zilikuwa zimepangiwa kuvunjwa. Wakakubaliana kuziokoa. Mwezi Oktoba walizinunua kwa dola milioni 3.1, wakakodi jengo, wakawaita wafanyakazi wa zamani wapatao kumi, na wakauita mradi wao Impossible, yaani jambo lisilowezekana.

Jina lilistahili. Mashine zilikuwapo lakini kemikali nyingi hazikutengenezwa tena popote, na hata lile pazia la Land lilibidi libuniwe upya. Filamu yao ya kwanza ilitoka mwezi Machi 2010. Ilikuwa na rangi nyeusi na nyeupe, hafifu, na picha ilipotoka ilibidi uikimbize kwenye giza la mfuko au kuifunika kwa kiganja, maana pazia lilikuwa bado dhaifu. Wateja walinunua hivyohivyo. Walilipa bei kubwa kwa picha zenye mawaa kwa sababu kila pakiti ilikuwa ada ya kukiweka kiwanda hai. Na kuanzia mwaka huo bei ya SX-70 ikaanza kupanda.

Mwezi Juni wa mwaka huohuo, mjini New York, nyumba ya mnada ya Sotheby's iliuza sehemu ya hazina ya picha za Polaroid kwa amri ya mahakama ya ufilisi. Land alikuwa ameijenga hazina hiyo kwa kuwapa wasanii kamera na filamu, nao wakampa kazi zao. Ansel Adams alikuwa mshauri wake tangu mwishoni mwa miaka ya 1940, na chapa yake kubwa ya dhoruba ikitawanyika juu ya Yosemite ilifikia dola 722,500. Mnada mzima ulipata dola milioni 12.5. Wapo wasanii waliolia kwamba kazi walizotoa kwa kuaminiana zimetawanywa ili kulipa madeni ya tapeli, na sioni jibu la kuwapa.

Enschede ilisonga mbele taratibu. Pazia likaimarika, rangi zikarudi. Mwaka 2017 wenye hisa kubwa katika mradi walilinunua jina la Polaroid lenyewe, na tangu mwaka 2020 pakiti zimeandikwa tu Polaroid, kana kwamba hakuna kilichotokea. SX-70 ikawa na mafundi wake maalumu kutoka Los Angeles hadi Hong Kong, wanaobandua ngozi iliyokauka na kumegeka, wanaosafisha rola na kubadilisha vyombo vya umeme. Ndugu yake SLR 680 ya mwaka 1982, inayotumia filamu ya 600 na yenye flashi yake, huuzwa wakati mwingine kwa bei ya juu zaidi. Mwili ni uleule wa kukunja, ila filamu yake inahitaji mwanga mdogo, na mpigaji wa leo anataka kupiga ndani ya nyumba.

Mabingwa wa filamu ya pakiti hawakupata bahati hiyo. Fujifilm ya Japani ilikuwa imeendelea kutengeneza pakiti zilizoingia kwenye Polaroid za zamani, na kwa muda wote huo Model 180 na 195 zilipanda mpaka mamia mengi ya dola. Mwezi Februari 2016 Fujifilm ilitangaza kuacha ya mwisho, FP-100C. Filamu iliyobaki madukani ikarundikwa na walanguzi, na mambo yakapinduka: pakiti moja iliyopita muda wake ikawa ghali kuliko kamera nyingi zinazoitumia. Kaps alijitokeza tena Vienna mwaka 2019 na filamu ya kubandua iliyoundwa kwa mikono, karatasi moja katika kila pakiti. Ni kazi ya mapenzi, na bei yake inasema hivyo. Big Shot ya Warhol imekaa kwenye rafu pamoja na kamera za paspoti.

Kwa hiyo anayekwenda kununua SX-70 leo huenda na kitu kimoja mfukoni: kasha tupu la filamu iliyokwisha. Betri iliyomo huwa bado ina nguvu kidogo. Anakunjua kamera, anachungulia kioo kama kina ukungu, anapapasa ngozi pembeni, anatumbukiza kasha na kufunga mlango, halafu anasikiliza. Mota ikilia kwa sauti moja bila kusita, wanaanza kuzungumza bei.

Akishaifikisha nyumbani hutia filamu mpya ya Enschede. Filamu na betri za siku hizi ni nene kidogo kuliko zile za Land, hivyo pakiti hubeba picha nane badala ya kumi. Kamera haijui hilo. Mgongoni mwake kuna kidirisha kidogo cha namba kinachoanzia 10 na kushuka kila picha inapotoka, 9, 8, 7. Picha ya nane inapokwisha kutoka na mvukuto ukatulia, kidirisha husoma 2.